Tangulieni, Nakuja

Wanafunzi walimwita Mama Waya. Yeye alijua, na wao walijua kwamba anajua, lakini mbele yake walisema "Mwalimu" kwa adabu zote. Jina lilimkaa vizuri. Mifuko ya koti lake jeupe la maabara haikukosa vipande vya waya, na jioni akivua viatu nyumbani, kipande kimoja au viwili vilikuwa vimemfuata hadi chumbani. Mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache na hayo machache yote mzaha, aliviokota na kumkabidhi. "Umewasahau wanao," alimwambia.

Alifundisha fizikia katika shule ile tangu usichana wake, na aliingia kwa muda tu. Maneno hayo, kwa muda, yashike vizuri, maana ndiyo yaliyomla. Alikuwa amemaliza masomo palepale, amefaulu vizuri, yuko mbioni kwenda chuo kusomea uhandisi wa umeme. Ndipo mwalimu wa fizikia alipougua, na Mkuu wa shule wa wakati ule akamwita ofisini. "Tushikie darasa kwa muda, mwanangu. Mwenzio akipona, unakwenda zako." Mwenzio akapona, akapata kazi kwingine, hakurudi hata kuchukua kikombe chake cha chai. Muhula ukawa mwaka. Msichana akasomea ualimu wakati wa likizo, akaolewa, akazaa, akapewa nyumba ya shule, akamleta mama yake mzazi kuishi humo. Siku moja akijitazama kwenye kioo cha kabati la kemikali, akaona mvi. Kwa muda!

Kitu kimoja tu pale shuleni kilikuwa chake mwenyewe, nacho ni Wiki ya Umeme. Alikianzisha baada ya kuona wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanachagua masomo ya chuo kama watu wanaochagua viatu gizani. Wengine walidhani mhandisi wa umeme ni yule anayepanda nguzo. Wengine walidhani ni yule anayekuja kuwakatia umeme nyumbani, na kwa hiyo walimchukia kabla hawajamjua. Wengine waliuchagua uhandisi kwa sababu baba kasema, na hawajawahi kushika waya maishani mwao. Basi kila likizo, kabla ya siku za kuchagua, Mama Waya aliwakusanya maabara kwa wiki nzima wauone umeme kwa macho na kuushika kwa mikono.

Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alimpa kila mmoja betri ya mraba ya volti tisa, nyaya mbili na kitaa chekundu kidogo kama punje ya maharage, akawaambia wakiwashe. Hakuwaambia kwamba kitaa kile hakiwezi kuistahimili betri ile bila rezista, yaani kile kidude cha kuupunguza umeme njiani. Wakaunganisha. Kitaa kikawaka kwa furaha iliyopita kiasi, kikageuka rangi ya chungwa, kikanuka, kikafa. Darasa zima likatazamana kama watoto waliovunja sahani ya mgeni. Hapo ndipo alipocheka na kupitisha chupa kubwa ya kioo, kila mmoja atumbukize marehemu wake humo. "Haya, sasa mmeanza," aliwaambia. "Mhandisi ni mtu aliyeunguza kitu, halafu akataka kujua kwa nini." Chupa ile ilikuwa juu ya rafu, imejaa vitaa vya miaka yote, na wengine waliotia vyao humo sasa walikuwa wahandisi wenye ofisi na vitambi.

Siku ya mwisho, wakati wa kuagana, daima palitokea mmoja wa kuuliza, "Na wewe, Mwalimu, mbona hukwenda?" Na yeye daima aliwajibu hivihivi, huku akikunja nyaya: "Tangulieni, nakuja." Walicheka. Yeye pia alicheka, lakini alikuwa hatanii.

Mwaka huu aliona kweli anakuja. Chuo kilikuwa na nafasi kwa walimu walio kazini, alikuwa ameomba na kukubaliwa, na kilichobaki ni ruhusa ya bodi ya shule. Mara zote za nyuma aliambiwa asubiri. Safari hii hapakuwa na cha kusubiri, kwa kuwa nafasi zile zilikuwa na ukomo wa umri na yeye alikuwa anaufikia mwaka huohuo. Asipokwenda sasa, basi tena. Mumewe alilijua hilo. Tangu walipooana alikuwa amemtengenezea meza ya kusomea, meza nzuri ya mninga yenye droo mbili, na kwa miaka yote hiyo imebeba mabeseni na nguo za kupigwa pasi. Asubuhi ya siku ya mwisho ya Wiki ya Umeme, Mama Waya alipotoka kuoga aliikuta meza tupu, imefutwa vumbi, taa imewekwa kwenye kona. Mume alikuwa ameshatoka, na mabeseni yalikuwa yamerundikwa chini ya dirisha.

Mkuu wa shule wa sasa alikuwa mtu wa wageni. Hakuna alichopenda kama mgeni wa kuonyeshwa kitu. "Mwenyekiti wa bodi atakuja mwenyewe siku ya mwisho, Mwalimu," alikuwa amemwambia. "Mwonyeshe kazi yako. Akifurahi, mambo yako yatanyooka." Mama Waya akaamini. Yeye aliyewafundisha watoto kukokotoa saketi hapo alikosea hesabu, akafanya kazi wiki nzima kwa nguvu zake zote, akidhani anajifungulia njia.

Mkuu naye alikuwa na chake cha kuonyesha, yaani mlango. Baada ya mita mbili za kupimia umeme kuibiwa, alikuwa ameweka maabara mlango wa chuma wenye kitasa cha umeme. Kwa nje ulifunguliwa kwa kadi. Kwa ndani fundi aling'oa mkono wa kitasa, ili mwizi akikata nondo za dirisha na kuingia, asitoke na vitu mlangoni, akaweka kitufe cha kijani. Ukibonyeza, umeme unavuta komeo, mlango unafunguka. Siku ulipowekwa, Mama Waya aliuliza, "Mkuu, umeme ukikatika tutatokaje?" Mkuu akacheka. "Mwalimu, kwani siku hizi umeme unakatika?" Wakati mwingine wowote angebishana naye hadi kieleweke. Lakini alikuwa anamwomba ruhusa, na amejifunza kumeza maneno, kwa hiyo akayameza na hayo.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mtu mzima, mkunga mstaafu, aliyezoea kuwaamuru watu wakati wa hatari. Mkuu alimnywesha chai ofisini, kikombe juu ya kikombe, kisha akamleta maabara na kuufunga mlango nyuma yao kwa mbwembwe. "Ukifungwa huu, Mama, umefungwa!" Komeo likalia, ka! Wanafunzi wakasimama. "Shikamoo!" "Marahaba, wanangu, kaeni."

Wakaonyesha walichokitengeneza. Mmoja alikuwa na kengele inayolia ndoo ya maji ikijaa, ya kumsaidia mama yake anayesahau bomba. Wengine wawili walikuwa wametengeneza taa inayojiwasha giza likiingia. Mwenyekiti aliuliza, akashika, akacheka, meno yote nje. Alipofika kwa binti wa mwisho, hakukuta kitu.

Binti huyo wenzake walimwita Redio kwa utani, kwa sababu hakuwa anasema. Wiki nzima hakuuliza swali hata moja. Na siku ya kwanza, wenzake walipokuwa wakiunguza vitaa, yeye alikataa kuunganisha. Bibi yake aliyemlea alimwonya kwamba umeme unaua, na alitaka asomee mambo ya ofisi, akae kwenye kiti. Kitaa chake kilikuwa bado mfukoni, kizima. "Wewe hujatengeneza?" Mwenyekiti alimuuliza. Redio akatazama sakafu.

Mwenyekiti akarudi alipo Mkuu, karibu na mlango, akamnong'oneza kwa sauti ya mtu aliyezoea wodi zenye kelele, kwa hiyo Mama Waya alisikia kila neno. "Mkuu, huyu tukimwachia aende, haya atafanya nani?"

Mama Waya hapohapo akaelewa. Kwa kila kengele iliyolia, kwa kila kitaa kilichowaka wiki ile, alikuwa anajipigilia msumari mwenyewe. Kama angefanya kazi ovyo wangesema hafai kusoma zaidi. Amefanya vizuri, sasa hafai kuondoka. Alisimama pale na kipande cha waya mkononi, anakikunja na kukikunjua, na hakuna wa kumgombeza ila yeye mwenyewe.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Mkuu alibonyeza kitufe cha kijani. Akabonyeza tena. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa kidole cha shahada, kana kwamba kitufe kinachagua vidole. Jasho jembamba likamtoka. Akampigia simu fundi, akaiweka kwa sauti kubwa ili mgeni asikie mambo yanashughulikiwa, na fundi akasema wasiwe na wasiwasi, ufunguo wa dharura upo, anao yeye mfukoni, ila yuko safarini hadi keshokutwa. Wakalipigia simu shirika la umeme. Transfoma imeungua, mafundi wako njiani, labda jioni, labda kesho. Mlinzi akaja dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, akashauri shoka. "Shoka kwenye chuma?" Mkuu akafoka. "Umelewa?"

Joto likaanza kupanda. Mwenyekiti alikaa, akasimama, akakaa tena, kisha akamwita Mkuu karibu. "Mwanangu, mimi mtu mzima. Ile chai yako sasa inataka kutoka. Jioni ni mbali."

Darasa lilijikaza lisicheke. Mama Waya hakuhitaji kujikaza. Alikuwa ameshaitazama ile mashine ya kitasa juu ya mlango, na alishajua. Ndani ya kasha lile kulikuwa na koili tu, waya uliozungushwa mara nyingi, inayotaka volti kumi na mbili ili ivute komeo. Betri zilikuwa mezani. Ilikuwa kazi ndogo.

Wala hakusogea. Wazo lilimjia, na halikuwa wazo zuri, lakini lilikuwa lake. Wakae. Wakae humuhumu mpaka jioni. Huyu mama aaibike, aichukie maabara, aichukie Wiki ya Umeme na kila aliyemo, na kesho asubuhi amwambie Mkuu, mruhusu mwalimu yule aende anakotaka. Mlango huu ukibaki umefungwa, ule wake utafunguka. Hakutakiwa kufanya lolote, ila kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amejifunza.

Mkono mmoja ukanyooka nyuma ya darasa, wa Redio.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikwaruza kwa kutotumika, "kile kitasa, ndani si ni koili tu?"

Darasa zima liligeuka. Mama Waya alimtazama binti yule. Neno moja lingetosha. Kaa chini. Si wakati wake. Angelisema, binti angekaa, na asingeunyoosha tena mkono ule maisha yake yote, na mtu mwingine yeyote asingejua.

"Ehe," alisema Mama Waya. "Endelea."

"Basi kinataka umeme tu. Sio lazima utoke ukutani."

Hapo maabara ikalipuka kwa shangwe. Mmoja akapanda juu ya kiti na bisibisi. "Msikiguse!" Mkuu akapiga kelele. "Kitasa kipya hicho! Mkikiunguza je?" Mwenyekiti akamtupia jicho lililowanyamazisha madaktari kwa miaka mingi. "Mkuu, wewe nyamaza, watoto wafanye kazi." Kasha likafunguliwa, nyaya mbili zikaonekana, na ubavuni pameandikwa volti kumi na mbili, kama alivyojua. Betri za mraba ni dhaifu mno kwa koili, kwa hiyo wakachukua zile ndogo za tochi, volti moja na nusu kila moja. Wanafunzi wakazihesabu kwa sauti, nane, wakazipanga mstari mmoja, kichwa kwa mkia, wakazikunja ndani ya karatasi ya manila na kuibana kwa gundi ya karatasi. Redio akagusisha nyaya.

Tik. Komeo likashtuka kidogo, likarudi palepale.

Wakajaribu tena. Tik. Aliyekuwa juu ya kiti akashuka. "Haina nguvu, Mwalimu. Basi." Mwenyekiti alifumba macho. Redio alikuwa anamtazama Mama Waya, na Mama Waya alijua kasoro iko wapi, na wazo lile baya lilikuwa bado limesimama pembeni linamngoja. Alinyamaza kwa pumzi moja, mbili. Kisha akauliza, kama alivyozoea kuuliza, maana mdomo wake haukujua kazi nyingine.

"Betri zimefanya kazi wiki nzima, zimechoka. Volti zipo, ila hazina ubavu. Mtu mmoja akishindwa kubeba gunia, nyinyi hufanyaje?"

Redio akakunja uso. "Anakuja wa pili. Lakini hakai nyuma yake." Kisha maneno yakatoka mbiombio. "Anakaa pembeni! Mstari wa pili, bega kwa bega na huu, chanya na chanya, hasi na hasi!"

Wakavunja taa za maonyesho, wakavunja ile kengele ya ndoo, wakakusanya betri zote, wakakunja mstari wa pili. Mama Waya akashika mistari yote miwili pamoja, na Redio akagusisha nyaya. Ka! Mlango ukasukumwa, mwanga na hewa vikaingia kwa mpigo.

Mwenyekiti alitoka wa kwanza, ameinua gauni kwa mkono mmoja, anakwenda kwa kasi ambayo umri wake haukuitarajia. Mkuu akamfuata kumwonyesha njia, kisha akakumbuka ni njia ya wapi, akasimama. Wanafunzi wakamiminika nje wakipiga vigelegele, na Redio wamembeba juu juu. Mlango ule ulikuwa na springi ya kujifunga, fundi hakusahau jambo hilo. Wa mwisho alipotoka ukarudi taratibu, ka! Mama Waya akabaki ndani peke yake, amekumbatia betri.

Hakuita mtu. Alisogea dirishani akasimama nyuma ya nondo. Aliwaona wanarushana juu, aliona mlinzi anacheza na shoka lake, na baada ya muda alimwona Mwenyekiti anarudi, mtu mpya, uso umetulia. "Nisikilizeni!" alisema mama yule, na watu wote wakanyamaza. "Nimezalisha watoto miaka mingi, lakini sijawahi kuona watoto wanajizalisha wenyewe kama leo. Mwalimu huyu haondoki shule hii. Akiondoka labda aondoke na jengo!"

Makofi yakapigwa. Mkuu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Mama Waya alisimama kidogo na zile betri. Kisha akapanda kwenye kiti, akazigusisha, akausukuma mlango kwa mguu haraka kabla komeo halijarudi, akatoka. Kwa mlango ule, angalau, alikuwa na betri.

Mwenyekiti alimshika mikono yote miwili. Akamwambia bodi itamfanya mratibu wa Wiki ya Umeme, siyo ya hapa tu, ya shule zote za jirani.

"Asante, Mama," alisema Mama Waya. "Na ruhusa yangu?"

"Mwanangu, chuoni utakwenda kutafuta nini? Unachokwenda kusomea si ndicho hiki ulichotufanyia?" Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. "Mwakani tutaangalia."

Mkuu alijua habari ya mwakani, kwamba umri utakuwa umeshapita. Alitazama viatu vyake, kisha akampiga mwalimu begani kirafiki. "Ni kwa muda tu, Mwalimu. Mpaka tupate wa kukupokea."

Mama Waya aliiwaza ile meza ya mninga, jinsi ilivyofutwa vumbi, na akawaza mumewe atakavyomwona mlangoni na kuelewa kabla hajaambiwa, na atakavyotafuta mzaha na kuukosa. Alitaka kulia na hakutaka wamwone. Akarudi maabara kukusanya vitu. Mtu alikuwa ameuwahi mlango nyuma yake, akauwekea kiti usijifunge.

Ni Redio. Alikuwa amekaa mbele ya meza na betri ya mraba, nyaya mbili, na kile kitaa kutoka mfukoni. Hakumngoja mwalimu asogee. Akaunganisha. Kitaa kikawaka, kikageuka rangi ya chungwa, kikanuka, kikafa, na binti akacheka peke yake. Akainuka, akashusha chupa kutoka kwenye rafu, akakitumbukiza.

"Nimechagua, Mwalimu. Uhandisi wa umeme."

"Na Bibi?"

"Nitaongea naye." Akairudisha chupa kwenye rafu. "Nitaongea sana."

"Vizuri," alisema Mama Waya. "Vizuri sana, binti yangu."

Redio akavaa mkoba, akafika mlangoni, akageuka. Alikuwa na kaka aliyepita katika maabara ile, na dada wa jirani, na wote walimsimulia jinsi mwalimu anavyowaaga. "Mwalimu," aliuliza, anatabasamu, "na wewe mbona hukwenda?"

Mama Waya alikuwa ameinama, anaokota vipande vya waya sakafuni na kuvitia mfukoni.

"Tangulia," alisema.

Binti alibaki amesimama mlangoni, mkono juu ya kile kiti, akisubiri amalizie.